Namna ya Kuwa Mwanasoka Mkubwa Bila Kusumbuliwa na Mpira

Mdogo wangu, sogea hapa nikuambie. Soka lina kila kitu kizuri: jezi yenye jina lako mgongoni, basi lenye kiyoyozi, watoto wanaokimbiza gari lako mtaani, kinyozi anayekataa kupokea hela yako. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni mpira wenyewe. Ule mpira ni mmbeya. Ukiugusa mara tatu mbele za watu, umeshawaambia kila kitu juu yako. Kwa hiyo kazi yako, kuanzia chandimu za uchochoroni hadi siku ya kutundika daluga, ni kukaa karibu na kila kinachouzunguka mpira, ukauacha wenyewe upite.

Najua iko njia nyingine. Mbwana Samatta aliifuata: African Lyon, Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akabeba ubingwa wa klabu Afrika 2015, Genk mwaka 2016, Aston Villa Januari 2020, na tarehe 1 Machi mwaka huo akawafunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Hongera yake. Lakini njia ile ina kuamka alfajiri na kulala mapema, na mimi sikukuita hapa nikutese.

1. Zaliwa upya

Soka la vijana lina siri ambayo kila kocha anaijua: mchezaji hatari kuliko wote wa chini ya miaka 15 ni yule mwenye miaka 19. Kwa hiyo kabla hujajifunza kumiliki mpira, miliki cheti cha kuzaliwa chenye busara. Punguza, ila usiwe mlafi. Miaka miwili ni adabu. Minne ni ujasiri. Ukipunguza saba utakuta umezaliwa baada ya kitinda mimba wa kwenu, na mama yako ataitwa ofisini kueleza ilikuwaje.

Kwenye mashindano ya shule, iwe UMITASHUMTA ya msingi au UMISSETA ya sekondari, adui yako si beki wa timu pinzani. Adui yako ni kidevu. Nyoa usiku, usinyoe asubuhi, maana wembe wa asubuhi huacha vipele, na mwalimu wa michezo wa mkoa wa pili hana kazi nyingine pale ila kukagua videvu vya watoto wa wenzake. Kwenye foleni ya ukaguzi itikia kwa kichwa, sauti yako iache bwenini. Ukiulizwa mwaka uliozaliwa, usitazame juu kupiga hesabu. Namba ya mke wako kwenye simu iandike "Mama". Mwanao akija kukutembelea kambini, huyo ni mdogo wako. Mfundishe wiki nzima kukuita kaka. Watoto hujisahau hasa baba anapofunga goli, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutofunga.

Sasa tuzungumze habari ya mashine. Tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA huwapiga vijana picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono. Mfupa pale ukishaungana, mashine haitaki kusikia cheti kinasemaje wala kimepigwa muhuri wa nani. Hata kabla ya mashine hizo mambo yalikuwa yakiharibika: Serengeti Boys, vijana wetu wa taifa, walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za 2005 kule Gambia, wakaondolewa bila kupanda ndege kwa sababu ya umri wa mchezaji. Na mwaka 2019, fainali hizohizo zilipochezwa hapa kwetu Dar es Salaam, Guinea walifika hadi mechi ya mwisho, kisha wakafutiwa matokeo. Kilichowaumbua hakikuwa mfupa. Wachezaji wao wawili walikuwa wameshawahi kwenda Japani mwaka 2017 kwenye mashindano ya vijana, wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Ndiyo maana nasema chagua umri mmoja uushikilie kama imani. Usiwe na umri wa Japani na umri wa nyumbani.

Dawa ya mashine ninayo. Kipimo kile kinafanya kazi kwa chini ya miaka 17 tu, maana kuanzia hapo mifupa ya watu wengi huwa imeungana kihalali. Basi waachie watoto mashindano yao. Wewe ingia timu ya chini ya miaka 20, uonekane kijana mwenye kipaji na heshima zake, tena umedanganya kidogo kuliko wenzako.

2. Jipatie jina

Tafuta jina la uwanjani mapema, kabla watu hawajakutafutia. Sunday Manara aliitwa Computer, Zamoyoni Mogella akaitwa Golden Boy, lakini hao walianza kucheza, jina likawafuata. Wewe tanguliza jina.

Epuka majina yanayohesabika. Ukijiita Mabao, baada ya mwezi mtu atauliza yako mangapi. Ukijiita Ukuta, goli la kwanza tu umebomoka. Jiite Fundi. Fundi haulizwi idadi. Fundi hata akichelewa, akaharibu vifaa na akaiacha kazi nusu, nchi hii tumeshamzoea.

3. Chagua namba

Golini usiende, huko mpira unakufuata wenyewe. Straika anahesabiwa. Beki wa pembeni anakimbia. Omba kucheza kiungo, tena kiungo "wa akili", yule ambaye kazi yake haionekani kwa macho ya kawaida. Pasi zako ziende nyuma au pembeni, zitafika zote. Na nyoosha kidole. Mchezaji anayenyoosha kidole anaonekana kiongozi. Mpira ukikupita, onyesha kwa hasira mahali ulipotakiwa upelekwe, na jukwaa zima litamzomea mwenzako.

4. Tengeneza video

Zamani wakala alikuja kiwanjani kukutazama. Siku hizi anasema, nitumie video WhatsApp. Hapa ndipo Mungu alipotufungulia mlango.

Mtafute binamu mwenye simu nzuri, mwende naye kwenye ndondo, mahali penye watu wengi na mabeki wazee. Apige tu. Kazi yenyewe ipo kwenye kukata. Ukipiga chenga, onyesha chenga, kata kabla hujapokonywa. Ukiachia shuti, onyesha mguu unavyopanda, mpira unavyoondoka, kipa anavyoruka, halafu kata. Mtazamaji atalifunga lile goli mwenyewe kichwani mwake, na goli analolifunga mtazamaji ni zuri kuliko lako. Kinachofuata baada ya hapo, yaani mpira kutua kwenye paa la mama ntilie na mtoto kupanda kuuchukua, hakimhusu mtu wa Ulaya.

Hakikisha hakuna mbuzi nyuma ya goli. Zima sauti, maana kuna shabiki anayekutukana kwa jina, tena huyo shabiki ni baba yako mdogo. Weka singeli juu yake. Kwa mwendo ule hakuna anayepata muda wa kufikiri. Mwisho weka lile duara jekundu la kuonyesha mchezaji ndiye yupi. Kama siku hiyo ulicheza ovyo, liweke kwa mwenzako mwenye kiduku kama chako.

5. Tafuta wakala, halafu tafuta Oman

Wakala bora ni mjomba. Awe na simu mbili, miwani ya jua, na tabia ya kusogea pembeni simu inapoita. Asiwe na kazi nyingine, kwa sababu mwenye kazi nyingine hatakuwa na muda wa kusema uongo kwa utaratibu.

Kazi yake ya kwanza ni kukutafutia timu inayokutaka. Timu hiyo isitajwe jina. Waandishi waambiwe ni "klabu moja ya Uarabuni". Oman inafaa sana: ni mbali kiasi cha kutisha na ni karibu kiasi cha kuaminika, maana vijana wetu wa kweli wamecheza kule tangu zamani na kila ukoo wa pwani una shangazi Maskati. Ukiulizwa, cheka kidogo useme, "Mazungumzo yanaendelea, nisingependa kuliongelea." Ukikataa kuliongelea, wataliongelea wao wiki nzima.

Ikilazimika, safiri kweli. Nenda majaribio Uturuki au popote penye picha ya theluji. Piga picha na geti la uwanja. Siku ya tatu utakapoambiwa ahsante kwa kuja, rudi nyumbani na mojawapo ya sababu zetu za heshima: baridi, chakula, viza, au mfalme wao wote, ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa. Hakuna shabiki anayejua ITC inafananaje. Anajua tu kwamba haijafika. Wachezaji wametunza heshima zao misimu mizima kwa karatasi ambayo haijafika.

Kwa habari ya simu, jifunze kwa Ali Dia wa Senegal. Mwaka 1996 kocha wa Southampton, Graeme Souness, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni George Weah, mchezaji bora wa dunia wa mwaka uliotangulia, akimsifia binamu yake. Weah hakupiga simu yoyote na binamu hakuwa binamu. Lakini Dia alipewa mkataba, na tarehe 23 Novemba, Matt Le Tissier alipoumia kwenye mechi dhidi ya Leeds, akaingizwa. Akahangaika kule ndani kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua, hadi kocha akamtoa na yeye pia. Ligi Kuu ya Uingereza hakuiona tena.

Watu hucheka wakidhani Dia alikosea kwenye simu. Simu ile ilikuwa safi, haina doa. Alikosea alipoitwa kuingia uwanjani, akaingia.

6. Siku ya kusaini

Lia. Sema tangu utotoni ulikuwa shabiki wa damu wa klabu hii, na babu yako alizikwa na skafu yake. Busu nembo mbele ya kamera. Hotuba hiyo itunze vizuri; dirisha dogo likifunguliwa utaitumia upande wa pili wa Kariakoo, ubadilishe rangi ya skafu tu. Na kama viongozi wa pande zote mbili wamekuja na bahasha usiku mmoja, usiwavunje moyo. Saini kwa huyu, saini kwa yule, zima simu, nenda kijijini kuuguza bibi. Kamati zina kazi gani kama si kukaa na kujadili watu kama wewe?

7. Umia mapema, umia vizuri

Hii ndiyo sura kuu ya mwongozo wangu, kwa hiyo weka simu chini.

Mchezaji anayecheza vibaya hutemwa. Mchezaji majeruhi huombewa. Hupelekewa matunda. Akikosekana timu ikafungwa, watu husema angekuwepo Fundi tusingefungwa. Kadiri unavyokaa nje, ndivyo kiwango chako kinavyopanda, kwa sababu hakuna anayekiona.

Chagua jeraha kwa makini. Mguu uliovunjika una picha, usiuguse. Goti nalo siku hizi lina picha. Nenda kwenye nyama za paja, kinena, au lile eneo la chini ya mgongo ambalo daktari mwenyewe akifika huanza kusema kwa tahadhari. Uumie mazoezini, dakika kumi za mwanzo, peke yako, bila kuguswa. Usipige kelele, makelele ni ya wanaoigiza. Simama ghafla, shika paja, tazama chini, tikisa kichwa pole pole kama mtu aliyepewa habari za msiba. Daktari wa timu akija na kile kimkebe cha dawa ya kupuliza, mzuie kwa mkono, mwambie, "Daktari, nimeisikia ikikatika."

Sasa kosa linalowaangusha vijana wengi: wanasahau mguu. Jumatatu wanachechemea kushoto, Jumatano kulia. Vaa bendeji mguu ule uliouchagua na usiivue hata ukilala. Kwenye ngazi panda na mguu mzima, shuka na mgonjwa. Na kwenye harusi, mdogo wangu, nakuomba sana, usicheze. Wangapi walipona ghafla kwa wimbo mmoja tu, na kuna mtu anarekodi.

Bingwa wa fani hii ni Mbrazili, Carlos Henrique Raposo, aliyejiita Kaiser. Miaka ya 1980 na 1990 alizunguka klabu kubwa za Rio de Janeiro, Botafogo, Flamengo, Fluminense, akala mishahara yao na mazoezini akawa anashika paja. Mwaka 2018 akatengenezewa filamu nzima. Wakati simu za mkononi zikiwa adimu, alitembea na simu ya bandia akizungumza Kiingereza na klabu za ng'ambo zilizokuwa zinamtaka, mpaka mtu wa klabu anayekijua Kiingereza alipomsikiliza akakuta hakuna Kiingereza mle ndani.

Lakini kazi yake kubwa aliifanyia Bangu, klabu iliyokuwa mikononi mwa Castor de Andrade, tajiri wa bahati nasibu haramu, mtu ambaye hukumjibu hivi hivi. Timu iko nyuma, tajiri anaagiza Kaiser aingie. Kaiser anapasha misuli kando ya uwanja, anaona maji yamefika shingoni, anageuka na kuanzisha ugomvi na mashabiki kwenye uzio. Kadi nyekundu, hajagusa nyasi. Tajiri akamfuata akifoka. Kaiser akamwambia kwa unyonge kwamba Mungu alimchukua baba yake mzazi, akampa baba mwingine, ambaye ni wewe hapo, mzee, na wale watu walikuwa wanamwita baba yangu mwizi, ningevumiliaje? Badala ya kufukuzwa, akaongezewa mkataba.

Hadithi hizi nyingi chanzo chake ni Kaiser mwenyewe. Ndiyo maana tunamwita mwalimu.

8. Anguka kwa kiasi

Itatokea siku benchi limekwisha, na utaingia. Usihamaki. Mwanadamu hawezi kupoteza mpira akiwa chini.

Subiri mguu wa beki ukukaribie, si lazima ufike. Nenda chini kwa bega, bingirika mara mbili, ya tatu ni tamaa. Ziba uso kwa viganja viwili, ila vidole viachane kidogo umwone refa. Akipeta, endelea kulala. Machela itakuja, na dakika mbili za machela ni dakika mbili bila mpira. Ukishavuka mstari, ruka usimame.

Bei ya shughuli hii si kubwa. Rivaldo alipigwa na mpira mguuni dhidi ya Uturuki kwenye Kombe la Dunia la 2002, akashika uso akaanguka. Hakan Ünsal aliyepiga mpira ule akala kadi nyekundu. FIFA wakamtoza Rivaldo faranga elfu kumi na moja na ushei za Uswisi, na mwezi huohuo akabeba kombe la dunia. Piga hesabu mwenyewe.

Ila usipitilize ukafika kwa Roberto Rojas, kipa wa Chile. Septemba 1989, uwanja wa Maracanã, Chile wako nyuma 1-0, fataki linatua karibu yake kutoka jukwaani, naye anagaagaa damu zinamwagika usoni. Wenzake wakambeba wakatoka uwanjani na mechi ikaishia hapo. Picha zikaonyesha fataki halikumgusa: alijikata kwa wembe aliouficha kwenye glovu. Chile wakafungiwa kuwania Kombe la Dunia la 1994, naye akafungiwa maisha, kifungo kilichokuja kuondolewa mwaka 2001. Nilishakwambia wembe ni wa ndevu.

9. Mkifungwa

Hamkufungwa. Refa aliamua matokeo. Uwanja haukuwa rafiki. Ratiba imewabana. Mmesafiri kwa basi usiku kucha, na wapinzani nao walisafiri kwa basi usiku kucha lakini basi lao lilikuwa na viti vya kulala.

Vyote vikigoma, iko kamati ya ufundi, na sina haja ya kukueleza ni ufundi gani. Timu zimetozwa faini humu nchini kwa kuruka ukuta na kuliacha geti rasmi, au kukataa chumba cha kubadilishia nguo kilichofagiliwa na wenyeji. Usicheke. Ni kisingizio chenye mizizi, na hakiishii kwetu. Februari 2002, nusu fainali ya Mataifa ya Afrika jijini Bamako, polisi wa Mali walimkamata Thomas Nkono, kipa wa zamani aliyekuwa kwenye benchi la ufundi la Kameruni, wakimtuhumu kufanya uchawi uwanjani. Kameruni walishinda 3-0. Hakuna aliyewauliza mabeki wa Mali walikuwa wapi, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Na kocha? Mpende, lakini usimzoee. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo ataondoka yeye, si wewe. Siku anayokuja mwingine, fika mazoezini wa kwanza, beba koni na mipira, mwambie mfumo wa yule wa zamani ulikuwa unakuua. Kocha mpya hajui chochote juu yako. Ni kama umezaliwa tena, na safari hii bila cheti.

10. Tundika daluga kabla hazijakutundika

Utajua wakati umefika: mtoto wa miaka 18, wa kweli, atakupiga tobo mazoezini na kukwambia "samahani mzee". Usisubiri barua ya klabu. Wahi wewe. Tangaza kwamba umeamua kwa hiari, baada ya kushauriana na familia, ili kuwapisha vijana, na useme hivyo siku tatu kabla ya orodha ya walioachwa kutoka.

Mlango usiufunge kwa ufunguo. Roger Milla alikuwa ameshaiaga timu ya taifa ya Kameruni alipoombwa arudi, akafunga mabao manne Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, na moja tena 1994 akiwa na 42. Kwa hiyo ukistaafu, staafu kidogo, acha waombe. Wasipoomba, sema waliomba.

Kisha mechi ya kuagwa. Iundie kamati, mweka hazina awe mjomba. Alika wakongwe, maana wakongwe hawakimbii na utaonekana una kasi. Omba penalti. Kipa wa siku hiyo mpitie kwake jioni ya kuamkia mechi, na mkono usiwe mtupu.

Jambo moja la ofisini, kwa kuwa nakupenda. Kuna makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii kila mwezi. Pensheni hulipwa kwa kuangalia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi: 60 kwa lazima, 55 kwa hiari. Karatasi zako zinasema umechelewa kuzaliwa kwa miaka minne. Basi utafika 55 kwa magoti na meno, na dirishani dada atakutazama, atatazama skrini, atakwambia urudi baada ya miaka minne, baba. Hapo usijaribu kueleza ukweli. Maelezo yake ni marefu na mwisho wake ni polisi. Mshukuru, toka, na ukiwa kwenye ngazi kumbuka ni mguu upi mgonjwa.

11. Kuwa mchambuzi

Sasa umefika kileleni. Redio inakuhitaji kila asubuhi, saa tatu hadi saa tano, na hapo hakuna mpira kabisa, kuna kipaza sauti na chai ya maziwa.

Kazi ni nyepesi. Sema vijana wa siku hizi hawana njaa. Sema enzi zetu tulicheza kwa mapenzi, posho ilikuwa nauli tu. Taja "mifumo" na "maeneo ya katikati", halafu nyamaza kama mtu aliyeona kitu. Kabla ya mechi sema timu yoyote inaweza kushinda. Baada ya mechi sema ulishasema. Ukitabiri ukakosea, mpira unadunda.

Uwe mkali kwa vijana wawili tu, mmoja anayejifanya majeruhi na mwingine anayeanguka hovyo eneo la hatari. Hao uwakaripie kwa uchungu, kwa jina la maadili ya mchezo. Wasikilizaji watasema huyu mzee mkweli.

Kuna siku atapiga simu mtu mmoja kutoka Mbagala, sauti kavu, hajasalimia. Atauliza: hivi kaka, wewe ulifunga mabao mangapi kwenye ligi? Usitaje namba. Mwambie hilo ni swali zuri sana, na kabla hujalijibu ungependa umsalimie mama yake na wote wanaosikiliza hapo Mbagala. Mpe ishara fundi mitambo. Laini za siku hizi zinakatika sana.